Sisi ni wa Kanisa Gani?

Mwaka huu mhariri alituomba tuandike juu ya jambo lililotukaa moyoni, na wala si lile tunalodhani mwalimu angependa kusahihisha. Niliwaza na kuwazua, hatimaye nikaona heri nilitoe hili ambalo limekuwa likinikereketa kwa muda mrefu. Swali lenyewe ni hili: mbona sisi Wakristo, tunaokiri Bwana mmoja, hatuwezi kuketi kwenye meza moja?

Najua kuna watakaosema, "Aah, hayo ni mambo ya maaskofu, wewe mtoto wa shule unayajulia wapi?" Huenda wana haki ya kuuliza. Lakini wahenga walinena kwamba aisifuye mvua imemnyea, nami mvua hii imeninyea, tena ndani ya nyumba yetu.

Kwetu ni Vihiga. Msomaji ambaye hajafika huko na aje siku moja ya Jumapili asimame njia panda. Atasikia ngoma za Jeshi la Wokovu upande huu, upande ule Marafiki wanaimba, bondeni watu wa kanzu nyeupe na vilemba wanapita na bendera, na mlimani kengele ya Wakatoliki inalia. Wote hao wanakwenda kumwabudu Mungu yuleyule. Saa saba mchana wakirudi wanakutana dukani wakinunua sukari, wanaulizana habari za ng'ombe na karo za shule, na kila mmoja anaenda kwake.

Imekuwaje hivyo? Nilipoanza kudadisi niligundua jambo ambalo sikuwahi kufundishwa. Wamishonari Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Mwaka wa 1906 Waanglikana wa Church Missionary Society wakafungua kituo Maseno. Mapadre wa Mill Hill wakajenga Mumias. Kima nako kukawa na misheni ambayo kanisa lake leo laitwa Church of God. Misheni za Kiprotestanti zikagawana nchi ili zisigombee waumini: nyinyi hapa, sisi pale, mto ndio mpaka. Kwa hiyo babu yangu mzaa baba hakuwa Rafiki kwa kuwa aliyasoma mafundisho ya George Fox, yule Mwingereza wa karne ya 17, akayapima kwenye mizani akayaona mazito. Alikuwa Rafiki kwa sababu shule iliyokuwa karibu ilikuwa ya Marafiki. Lau nyumba yake ingekuwa ng'ambo ya pili ya mto, huenda mimi leo ningekuwa Mwanglikana na ningelitetea hilo kwa jasho!

Basi Baba ni Rafiki. Wasiojua niwaambie kwamba Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawana mkate na divai. Wao huamini kwamba ubatizo wa kweli ni ule wa Roho ndani ya moyo, na kwamba ushirika na Kristo hauhitaji ishara ya nje. Mama naye ni Mkatoliki wa kutoka pande za Mumias, rozari haimtoki mkononi. Walipooana walikubaliana bila makeke: watoto wabatizwe kwa padri, lakini wasikatazwe kwenda kwa kina Baba. Kwa hiyo mimi na dada yangu mkubwa tulilelewa tukienda huku na huku. Tulijua kupiga magoti na tulijua kunyamaza. Kwetu halikuwa tatizo lolote.

Tatizo lilibisha hodi dada yangu alipopata mchumba. Kijana mwenyewe ni mwungwana, tena mcha Mungu, ila ni wa kanisa jingine kabisa, na jina lake sitalitaja. Mipango ya arusi ilikuwa imeiva, kamati imeundwa, hata ng'ombe wamekwisha pelekwa. Ndipo mchungaji wao akasema kwamba hawezi kufungisha ndoa ile mpaka bibi arusi abatizwe. Dada akajibu, "Lakini mimi nimebatizwa, cheti ninacho." Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba ule haukuwa ubatizo. Alikuwa mtoto mchanga, hakujua lolote, hakukiri lolote, na maji yenyewe yalikuwa ya kunyunyiziwa kichwani. Itabidi azamishwe mtoni.

Jioni hiyo nyumbani hapakulika. Mama alikaa pale jikoni na mwiko mkononi, ugali unaungua, akauliza, "Kwani mimi nilimpeleka sokoni? Nilimpeleka kwa Mungu!" Dada alikuwa analia. Baba alinyamaza, na kunyamaza kwa Rafiki kunaweza kuchukua muda. Kisha akasema polepole, "Sasa, kama huyu aliyetiwa maji hahesabiki, mimi ambaye sijatiwa hata tone moja nihesabiwe wapi?" Hakuna aliyemjibu. Baba ni mzee wa kanisa, ameongoza maombi kwenye matanga ya nusu ya kijiji chetu.

Mwishowe dada alikwenda mtoni. Alimpenda mchumba wake na hakutaka kuvunja arusi kwa ajili ya maji. Siku hiyo Mama alishinda shambani akichuma majani chai, wala hakumwuliza mtu habari. Arusini alikuja, akacheza, akapiga vigelegele kama mama mwingine yeyote. Lakini hadi leo dada akija nyumbani wikendi, Jumapili asubuhi humsindikiza Mama hadi kwenye lango la kanisa, halafu hurudi. Mama naye huingia peke yake.

Mgala muue na haki yake umpe. Nimefikiria sana juu ya mchungaji yule, na siwezi kumwita mtu mbaya. Anaamini kwamba imani hutangulia na ubatizo hufuata, na kwamba mtu hawezi kuaminiwa na mzazi wake. Kwa maoni yake, yeye hakurudia ubatizo. Alibatiza kwa mara ya kwanza. Angefanya kinyume angekuwa anadanganya dhamiri yake. Kwa upande mwingine, Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ubatizo ni mmoja, haurudiwi. Hata Mprotestanti aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu akitaka kuwa Mkatoliki, habatizwi tena. Hapo ndipo nilipoona kwamba ugomvi huu si wa wivu wala kiburi peke yake. Chini yake kuna swali: kanisa ni nini, na nani yumo?

Swali hilo halikuanzia kwetu. Liliwahi kuitikisa dunia likitokea hapa hapa Kenya, pale Kikuyu, karibu na Nairobi. Mwezi wa Juni 1913 wamishonari wa Kiprotestanti walikutana kwenye misheni ya Waskoti huko Kikuyu. Walikuwapo Askofu William Peel wa Mombasa na Askofu J. J. Willis wa Uganda, ambaye kabla ya kuwa askofu alikuwa Maseno kwetu. Shida waliyoijadili ilikuwa ya kweli. Mwafrika aliyebatizwa na Waskoti akienda kutafuta kazi Mombasa hukuta Waanglikana; akienda kwingine hukuta Wamethodisti. Je, kila afikapo aanze upya? Je, Waafrika wabebe ugomvi wa Ulaya ambao wala hawakuushuhudia? Wakapendekeza shirikisho la misheni nne: Waanglikana wa Church Missionary Society, Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti na Africa Inland Mission. Msingi wake ungekuwa Biblia pamoja na kanuni za kale za imani, na lengo la mbali lingekuwa kanisa moja la Waafrika. Kufunga mkutano, Askofu Peel aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, akitumia kitabu cha sala cha Kianglikana, na watu wa misheni nyingine wakashiriki.

Loo! Kumbe ule mkate ulikuwa baruti. Kule Unguja, Askofu Frank Weston, Mwanglikana vilevile, aliposikia habari hizo alikuja juu. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki maaskofu wenzake wawili kwa uzushi. Magazeti ya Uingereza yakajaa jina la Kikuyu. Jibu la Davidson la mwaka 1915 halikuwahukumu kuwa wazushi, ila lilishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Wachekeshaji wa huko wakatania kwamba ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana na kwa hiyo isifanywe tena kamwe!

Niliposoma habari hizi mara ya kwanza nilimkasirikia Weston. Kadiri nilivyozidi kusoma nilimwelewa. Yeye alishikilia kwamba kanisa si chama chetu kama Chama cha Kiswahili, ambacho wanachama wakitaka hukaa wakabadilisha katiba. Aliamini kwamba limepokewa kutoka kwa mitume kupitia maaskofu, na kwamba kujifanya tumeungana kumbe hatujaungana ni uongo mbele ya altare. Tena hakuwa mtu wa kujitenga na Waafrika. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja na kutembea nao bara. Na mwaka wa 1920, maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth wakawatolea Wakristo wote wito wa kuungana, Weston alikuwa miongoni mwa waliousimamia kwa nguvu.

Shirikisho la Kikuyu halikuzaa kanisa moja. Lakini mbegu haikuoza. Mwaka wa 1918 misheni zile nne ziliunda muungano wa kazi, na mwaka wa 1926 muungano huo ukafungua shule hapo hapo Kikuyu: Alliance High School. Kila mwaka matokeo ya mtihani yakitoka tunalitaja jina hilo kwa husuda, na wengi hatujui kwamba maana yake ni muungano wa makanisa. Walioshindwa kula pamoja waliweza kufundisha pamoja. Mwaka wa 1943 likaundwa baraza la makanisa ambalo leo tunaliita NCCK, ingawa Wakatoliki si wanachama wake. Hata katika miaka ya 1960 makanisa kadhaa ya Afrika Mashariki yalikaa yakazungumza juu ya kuungana kabisa. Mazungumzo yakafifia. Kule India Kusini wenzetu walifaulu mwaka wa 1947, ambapo Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na wengine waliunda kanisa moja ambalo lipo mpaka leo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haiwezekani.

Sasa niwape utamu wa Chama cha Kiswahili. Wakati Mombasa na Unguja zilipokuwa zikivutana juu ya meza, zilikuwa pia na Biblia mbili tofauti. Unguja ilikuwa na ile ya Kiunguja, kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere na kukamilika mwaka wa 1891. Mombasa ilikuwa na ya Kimvita, iliyokamilika mwaka wa 1914, wakati kesi ya Kikuyu ingali moto. Muumini wa huku akisoma ya kule alikunja uso. Kisha wataalamu wa pande zote wakaketi pamoja, wakabishana juu ya neno moja moja, na mwaka wa 1952 tukapata Biblia moja, ile iitwayo Union Version. Ndiyo iliyo mezani kwa nyanyangu na ndiyo tunayoisoma hapa shuleni. Katika miaka ya 1990 ikaja Biblia Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti walishirikiana kuitafsiri. Kwa hiyo Kiswahili kilifika mbele ya maaskofu. Nani asiyejivunia lugha yetu?

Mwenzangu anayeketi nami dawati moja ni Mwislamu wa kutoka Mumias. Siku moja, tukitoka bwaloni, aliniuliza, "Nyinyi Jumapili mmoja anaenda ukumbini na CU, mwingine darasani na YCS, na Wasabato walishaenda jana. Mnaogopana nini?" Nilimjibu kwamba hatuogopani. Akacheka tu. Lakini neno lake lilinifuata mpaka bwenini. Watu wa nje hawasomi vitabu vyetu vya mafundisho, wanatusoma sisi.

Na mgawanyiko huu si wa kuchezea. Nilieleza kwamba misheni ziligawana ramani. Ramani ile ilikuwa pia ramani ya makabila, na ndiyo sababu hata leo ukitajiwa kanisa la mtu Kenya mara nyingi unaweza kubahatisha kabila lake. Nchi ilipowaka baada ya uchaguzi wa 2007 tulivuna tulichopanda. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia ndani ya kanisa Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo, kina mama na watoto. Mwezi wa Februari viongozi wa NCCK walijitokeza hadharani wakaomba taifa msamaha, wakikiri kwamba makanisa yalikuwa yameegemea pande za kisiasa na kikabila. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini hebu tujiulize: mtu akijua kwamba aliyemo ndani ya kanisa lile ni mwili mmoja na yeye, angewasha kiberiti? Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwili na viungo. Jicho haliwezi kuufukuza mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta tuliujenga kwa mifupa.

Basi nikiulizwa kanisa ni nini, mimi mwanafunzi nisiye na kanzu wala kola nitajibu nini? Nitasema kwamba kila upande nilioutaja unalinda kitu cha thamani. Wenye maaskofu wanalinda urithi, kwamba imani haikuanza jana na sisi. Mchungaji wa shemeji yangu analinda uamuzi wa mtu binafsi, kwamba hakuna anayezaliwa Mkristo kama anavyozaliwa na pua. Marafiki wa Baba wanalinda uhuru wa Roho, kwamba Mungu hafungwi ndani ya birika. Kosa huanza pale mlinzi anapodhani ghala ni mali yake. Meza ile ni ya Bwana, sisi sote ni wageni, na sijapata kuona mgeni anayesimama mlangoni akiwachagulia mwenye nyumba wageni wengine.

Simaanishi kwamba tofauti zifutwe kwa siku moja kama ubao. Baraza la Vatikani la Pili lilitoa tamko mwaka wa 1964 likikubali kwamba waliobatizwa na kumwamini Kristo nje ya Kanisa Katoliki wana umoja fulani nalo, ingawa haujakamilika. Hilo neno "haujakamilika" nalipenda kwa ukweli wake. Mwaka wa 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya namna mtu anavyohesabiwa haki mbele ya Mungu, jambo lililowagawanya kwa karibu miaka 500. Kazi yenyewe huenda polepole, lakini inaenda.

Kijijini kwetu kuna mahali ambapo umoja huo tayari upo, nako ni matangani. Mtu akifa, Marafiki huimba, Jeshi la Wokovu huleta ngoma, Wakatoliki husali rozari usiku, wenye vilemba hukesha, na kina mama wote husonga ugali katika sufuria moja. Hakuna anayeuliza cheti cha ubatizo cha anayelia. Kama tunaweza kufanya hivyo mbele ya jeneza, mbona tushindwe mbele ya aliye hai?

Ndugu zangu, kula pamoja mkate na divai ni jambo lililo mikononi mwa wakubwa, nasi hatuwezi kuwaamulia. Yapo yaliyo mikononi mwetu. Kila mwaka, tarehe 18 hadi 25 Januari, Wakristo duniani huwa na wiki ya kuombea umoja. Wiki hiyo huangukia mwanzoni mwa muhula wa kwanza, kabla mitihani haijatubana. Naomba viongozi wa CU, YCS na Wasabato wakae pamoja na walimu walezi, watupangie jioni moja tu ya wiki hiyo. Tusome Biblia moja kwa Kiswahili, tuimbe, tuseme Sala ya Bwana ambayo sote tunaijua. Jumatano alasiri inafaa, maana siku hiyo haimgusi mtu sabato yake. Siku inayofuata twende na majembe tukawalimie wazee wanaokaa nyuma ya shule, na mwenzangu wa dawati amesema atakuja. Mwalimu mlezi wa YCS nimekwisha mwona, akasema ataleta jibu kabla ya kufunga shule. Wa CU naenda kumwona Ijumaa. Anayetaka kufuatana nami anikute nje ya maktaba baada ya kengele ya mwisho.